Kutia Rangi na Kukinga Fito za Mishale ya Mbao

Wanaoanza kutengeneza mishale huuliza maswali yaleyale. "Nimepaka vanishi, rangi yote imetoka na brashi, nifanyeje?" "Manyoya yanabanduka, ni gundi gani nzuri?" "Ufito ulikuwa umenyooka kabisa, nimeutia rangi ukapinda, kosa liko wapi?" Mara nyingi kosa ni kwamba mtu alianza kwa kuchagua rangi, kisha akatafuta cha kupaka juu yake, gundi akaikumbuka mwisho. Panga kinyumenyume. Jua kwanza gundi utakayobandikia manyoya. Kisha tafuta kinga ambayo gundi hiyo inaishika, na mwisho kabisa uchague rangi ambayo kinga hiyo haitaiyeyusha.

Hapa nachukulia kwamba fito zako zimeshachongwa zikawa mviringo, zina unene wa inchi 5/16 (karibu milimita 8) au 11/32 (karibu milimita 8.7), na bado hazina manyoya wala chembe (kichwa chenye ncha cha mbele ya mshale). Kama hujazikata urefu wa mwisho, vizuri zaidi. Ziache na ziada ya sentimita tatu hivi, utaona faida yake mbele.

Kinachoyeyusha nini

Nadharia unayoihitaji ni hii tu: tabaka la juu lisiwe na kiyeyusho kilekile kilichoyeyusha tabaka la chini.

- Rangi ya unga iliyoyeyushwa kwa maji hukaa salama chini ya shelaki (utomvu wa wadudu unaoyeyushwa kwa spiriti), laka (kinga inayokauka haraka, huyeyushwa kwa thina kali) au vanishi ya mafuta. Vanishi ya maji huilowesha upya na kuiburuta.
- Rangi ya spiriti, pamoja na rangi nyingi za aina hiyo za kutilia bidhaa za ngozi, hukaa salama chini ya vanishi ya mafuta. Ukiipaka shelaki kwa brashi itatoka, kwa sababu shelaki nayo huyeyushwa kwa spiriti.
- Steni ya mafuta, ile ya maseremala, lazima ikauke kabisa kwanza. Ukikosa subira, weka tabaka jembamba la shelaki isiyo na nta katikati, halafu endelea na vanishi.

Kwa anayeanza napendekeza rangi ya maji na vanishi ya poliyurethani ya mafuta. Rangi ya maji inakauka polepole, kwa hiyo unapata nafasi ya kusawazisha. Vanishi hiyo inastahimili unyevu na kusuguliwa kila mshale unapochomolewa kwenye shabaha. Shelaki inapendeza na hukauka haraka, lakini peke yake haipendi maji kukaa juu yake. Mafuta ya kitani peke yake siyapendekezi kwa mishale. Kinga yake dhidi ya unyevu ni ndogo, huchukua muda mrefu kukauka, na gundi haishiki vizuri juu yake. Ukiyataka kwa sababu ya mwonekano wake, usiyafikishe mahali pa manyoya.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Msasa namba 150, 220, 320 na 400
- Rangi, na chombo cha kioo au plastiki cha kuichanganyia
- Vanishi, na kiyeyusho chake: tapentaini au thina iliyoandikwa kwenye kopo la vanishi hiyo
- Vitambaa vya pamba visivyoacha nyuzi. Fulana kuukuu iliyofuliwa inafaa sana
- Glavu, barakoa ya vumbi, na mahali penye hewa ya kutosha
- Kamba ya kutundikia, vibanio vya nguo, na magazeti ya kutandaza chini
- Vipande viwili au vitatu vya mti uleule uliochongea fito, kwa ajili ya majaribio
- Ndoo ya chuma yenye maji

Ndoo ni ya vitambaa. Kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani, vanishi ya mafuta au steni ya mafuta hutoa joto kinapokauka. Kikikunjwa na kutupwa kwenye pipa la taka, joto hilo hujikusanya ndani hadi kinawaka chenyewe bila kiberiti. Kila ukimaliza, kitumbukize kwenye maji au kitandaze kimoja kimoja nje, juu ya kitu kisichoungua, hadi kikauke na kuwa kigumu. Thina na spiriti usizifungue karibu na jiko, sigara au kifaa chochote kinachotoa cheche.

Hatua za kazi

1. Kagua na unyooshe. Rangi haifichi ufa, na ufito wenye ufa unaweza kuvunjika ukiachiwa na upinde na kuingia mkononi. Pitisha kila ufito kwenye mwanga, uupinde kidogo kwa mikono huku unauzungusha, na usikilize mlio wa kupasuka. Usiouamini, uvunje uutupe. Uliopinda unyooshe sasa kwa joto na mkono, maana ukiunyoosha baada ya vanishi unaweza kupasua tabaka.

2. Piga msasa. Anza na 150 kama bado kuna alama za randa au kisu, endelea na 220, malizia na 320. Wengi hufunga ufito kwenye drili, wakauzungusha ndani ya msasa uliokunjwa. Ni haraka, lakini njia hiyo huacha mikwaruzo inayozunguka ufito kama pete, na pete hizo zinanywa rangi kuliko sehemu nyingine. Ukitumia drili, maliza kwa mkono kwa kwenda na kurudi kufuata nyuzi za mti, mpaka pete zote zitoweke. Usiruke namba: mikwaruzo ya 150 haitolewi na 320, inang'arishwa tu, na rangi itaionyesha.

Kama fito zako ni za mwanzi, gamba la nje lenye kung'aa halinywi rangi. Likwangue au ulipige msasa hadi liwe kama limefifia, lakini usizidishe, kwa sababu nguvu ya mwanzi imo katika nyuzi za nje.

3. Inua nyuzi. Hatua hii ndiyo inayorukwa mno. Maji yakigusa mti uliopigwa msasa, vinyuzi vilivyolala husimama, na ufito unakuwa na ukakasi. Ni heri visimame sasa kuliko wakati wa rangi. Pitisha kitambaa chenye unyevu, kisiwe cha kuchuruzika, kwenye ufito mzima. Uache ukauke kabisa ukiwa umening'inia wima, kisha pitisha 320 kwa wepesi, mara mbili tatu tu. Kama unatumia rangi ya spiriti au ya mafuta unaweza kuiacha hatua hii.

Kuanzia hapa vaa glavu safi. Mafuta ya vidole huzuia rangi kupenya, na alama za vidole huonekana baada ya rangi, wakati huna tena la kufanya.

4. Jaribu kwenye kipande. Kipande kiwe cha mti uleule na kiwe kimepigwa msasa uleule. Tia rangi, acha ikauke, kisha paka vanishi juu yake. Usihukumu rangi kabla ya vanishi: rangi ya maji ikikauka hufifia kama imetiwa vumbi, na vanishi huirudishia kina chake. Kumbuka pia kwamba vanishi ya mafuta ina unjano wake. Bluu juu ya mti mweupe huelekea kijani, na nyeupe huwa ya maziwa. Anayetaka bluu safi atumie laka angavu isiyo na rangi au shelaki iliyosafishwa rangi.

Fikiria na mahali mshale utakapoangukia. Wanaoanza wanapenda sana nyeusi na kahawia nzito, halafu wanatambaa kwenye majani wakitafuta. Ukiitaka nyeusi, ipe sehemu ya nyuma, sentimita 20 hivi kuelekea manyoya, rangi nyeupe, njano au ya chungwa inayong'aa.

5. Tia rangi. Kwa unga wa maji, fuata kipimo cha pakiti, tumia maji ya moto ili unga uyeyuke wote, acha yapoe, kisha chuja kwa kitambaa. Changanya ya kutosha fito zote kwa mara moja. Mchanganyiko wa pili haufanani na wa kwanza hata ukipima kwa uangalifu.

Lowesha kitambaa, ukamue kidogo, ushike ufito ndani yake na ukivute kutoka mwisho hadi mwisho bila kusimama katikati. Zungusha ufito kidogo, uvute tena. Uso wote ukishalowa, chukua kitambaa kikavu uufute mara moja, tena kwa urefu. Usipake nusu ya kwanza, ukajibu simu, ukarudi kwa nusu ya pili. Mpaka wa rangi utabaki pale milele. Ukitaka rangi nzito, rudia baada ya ya kwanza kukauka. Mara mbili kwa rangi hafifu ni bora kuliko mara moja kwa rangi nzito.

Rangi ya spiriti inahitaji mkono wa haraka zaidi, kwa sababu hukauka ungali unapaka na kuacha michirizi mahali mapito mawili yalipopandana. Iongezee spiriti kidogo na uende bila kusita.

Miti ya jamii ya msonobari ina tabia yake. Sehemu laini ya pete za mti hunywa sana na sehemu ngumu hunywa kidogo, kwa hiyo steni inaweza kugeuza mchoro wa mti: palipokuwa peupe pakawa peusi. Steni yenye chembechembe za rangi ndiyo hufanya hivi zaidi. Rangi ya maji hufanya kidogo. Kama inakuudhi, paka kwanza shelaki nyepesi sana isiyo na nta, gramu 60 hivi za shelaki kavu kwa lita ya spiriti, ikauke, upige 320 kidogo, ndipo utie steni ya mafuta. Rangi itakuwa hafifu lakini sawa.

*Nyeusi ya chuma na siki.* Njia hii naipenda kuliko rangi za dukani, na haina gharama. Chukua nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, zile zisizo na sabuni. Zioshe kuondoa mafuta, uziweke kwenye chupa ya kioo na umimine siki nyeupe hadi zizame. Usikaze kifuniko, kwa sababu hewa inayotoka ni haidrojeni. Itapasua chupa, na inashika moto. Acha siku kadhaa mpaka chuma kiwe kimeliwa, kisha chuja. Pembeni, chemsha chai nyeusi nzito. Paka ufito chai, ukauke. Halafu paka maji ya chuma. Mti hubadilika mbele ya macho yako, kwanza kijivu, baada ya dakika chache unakaribia weusi. Kinachofanya kazi ni tanini iliyomo kwenye chai kukutana na chuma. Mwaloni una tanini yake mwenyewe na unaweza kuwa mweusi bila chai. Msonobari hauna ya kutosha, ndiyo maana maji ya chuma peke yake huupa ukijivu tu. Acha ukauke usiku mzima, futa kwa kitambaa chenye unyevu, ukauke tena, ndipo uendelee.

6. Kausha ukiwa umening'inia. Usilaze fito zenye unyevu juu ya meza. Upande mmoja ukikauka kabla ya mwingine, ufito unapinda. Choma pini ndogo kwenye ile ziada uliyoiacha mwishoni, funga uzi, tundika mbali na jua na moto. Rangi ya maji ipe usiku mzima, na zaidi kama hewa ina unyevu mwingi. Kisha tazama tena unyoofu wa kila ufito, kwa kuwa hii ndiyo nafasi ya mwisho ya kuurekebisha kirahisi.

7. Tabaka la kwanza la kinga. Usipige msasa rangi iliyo wazi. Ni nyembamba mno. Utafika kwenye mti mweupe kabla hujajua. Punguza vanishi, sehemu mbili kwa sehemu moja ya tapentaini, upake kwa kitambaa kwa mtindo uleule wa kuvuta kwa urefu. Tabaka hili linaingia ndani ya mti, na linaweza kuonekana kama halijafanya kitu. Miisho ya ufito hunywa kuliko ubavu, kwa hiyo ipake mara mbili tatu. Huko ndiko unyevu huingilia.

8. Lainisha, kisha rudia. Likikauka kwa saa zilizoandikwa kwenye kopo, pitisha 400 kwa vidole tu, bila kukandamiza, ufute vumbi lote kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo. Paka la pili, na la tatu. Matatu membamba yanatosha. Wapo wanaofika sita kwa ajili ya kung'aa, na wanachopata ni ufito mzito usioingia kwenye chembe. Kama uliamua kutumia vanishi ya maji, usilainishe kwa nyuzi za chuma: vipande vinavyobaki vitashika kutu ndani ya tabaka.

Mwenye fito nyingi anaweza kuzichovya badala ya kupaka. Chukua bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 20 na urefu wa sentimita 85, uzibe chini, ulifunge wima kwenye nguzo imara. Bomba hilo hubeba karibu mililita 265, na ufito wa milimita 8 unaozama sentimita 80 husukuma mililita 40, kwa hiyo usilijaze hadi mdomoni. Shusha ufito taratibu, kisha uuvute juu polepole kuliko unavyodhani inahitajika. Ukivuta haraka, vanishi itateremka na kufanya matone. Ukivuta polepole inajisawazisha yenyewe. Futa tone la mwisho kwa kidole chenye glavu, tundika. Bomba la PVC linafaa kwa vanishi ya mafuta, lakini thina kali ya laka hulainisha plastiki hiyo. Kwa laka tafuta bomba la chuma.

9. Subiri ikomae. Kukauka kwa kugusa si kukomaa. Vanishi ya mafuta huendelea kuwa ngumu kwa siku nyingi, na gundi ikiwekwa mapema hushika tabaka ambalo lenyewe bado halijaushika mti. Wiki moja ni muda mzuri. Ukinusa ufito na bado una harufu ya vanishi, uache.

10. Kata, chonga, bandika. Sasa kata urefu wa mwisho na uondoe ile ziada yenye tundu la pini. Chonga ncha ya mbele kwa pembe ya digrii 5 kwa ajili ya chembe, na mwisho wa nyuma kwa pembe ya digrii 11 kama unatumia vishikio vya plastiki vya kuingia kwenye uzi wa upinde. Kwa kuwa umechonga baada ya vanishi, gundi inakutana na mti mtupu. Kama ulikuwa umeshachonga ncha zote kabla, basi ulipaswa kuzifunika kwa utepe wa karatasi tangu hatua ya 5.

Anayekata mkato wa uzi kwenye mti wenyewe, akate kuvuka pete za mti, si kuzifuata, ili usipasuke. Kisha apake vanishi nyembamba ndani ya mkato kwa kijiti. Tabaka nene humo litabana uzi.

Mahali pa manyoya, pitisha 400 mpaka mng'ao upungue, ufute vumbi. Ukiwa na kinga ya shelaki usifute kwa spiriti, utaitoa. Bandika kwanza unyoya mmoja mbovu kwenye kile kipande cha majaribio, uuache siku nzima, kisha uung'oe. Ukiraruka na kuacha nyuzi zake kwenye gundi, endelea. Ukitoka mzima na gundi yake, badilisha gundi kabla hujabandika mishale kumi na miwili.

Mambo yakienda vibaya

*Rangi inatoka na vanishi.* Kiyeyusho ni kilekile. Simama, acha ikauke, na tabaka linalofuata lipulizie kwa kopo la kupuliza, mara nyingi nyepesi, badala ya brashi au kitambaa.

*Mabaka.* Kama ni ya alama za vidole au gundi iliyomwagika, hakuna njia ila msasa hadi mti mtupu. Kama ni kunywa kusiko sawa, paka rangi nzito zaidi juu ya yote. Mabaka hufichika kwenye rangi nzito.

*Ukungu mweupe kwenye shelaki au laka.* Ulipaka kukiwa na unyevu mwingi hewani, maji yakanaswa ndani. Siku kavu, pitisha juu yake kitambaa chenye spiriti kidogo sana kwa shelaki, au upulizie thina kidogo kwa laka. Mara nyingi ukungu huondoka.

*Vanishi inanata siku ya tatu.* Tabaka lilikuwa nene, kuna baridi, au mti una mafuta yake, kama baadhi ya mierezi. Uhamishie ufito mahali penye joto na hewa inayopita. Ikishindikana, ioshe kwa tapentaini, paka shelaki isiyo na nta, uanze upya juu yake.

*Vishimo vidogo vya mviringo, vanishi imekimbia.* Kuna nta au silikoni juu ya mti, mara nyingi imetoka kwenye kitambaa kilichowahi kung'arishia kitu kingine. Piga msasa, safisha kwa tapentaini, tumia kitambaa kipya.

*Matone yaliyoganda.* Yasubiri yawe magumu kabisa kabla ya kuyakwangua kwa wembe ulioshikwa wima. Ukigusa tone bichi, linang'oka na rangi yake.

*Ufito umepinda baada ya kila kitu.* Joto la chini na mkono, kidogo kidogo, bila kukaribia moto ulio wazi. Ukirudi kupinda palepale kila mara, mti wenyewe una nyuzi zilizopinda. Uweke kwa ajili ya kufanyia majaribio ya rangi.

*Mishale ya seti moja haiendi sawa tena.* Vanishi huongeza uzito, na fito hazinywi kiasi sawa. Pima kila mmoja kwenye mizani ya gramu baada ya kukomaa, kisha upange seti upya kwa uzito huo. Ule uliopima kabla ya rangi hauna kazi tena.